Mkono wa Kuume na Mkono wa Kushoto



Mara kwa mara wazazi hutujia chuoni wakatwambia, "Mwalimu, mtoto huyu tutilie adabu. Kutwa anawaza tu. Ukimtuma dukani hurudi bila alichotumwa, na ukimwuliza alikuwa akifikiri nini, hana jawabu." Nasi hatufanyi haraka kumshika mtoto wa namna hiyo mpaka tujue kwanza anawaza nini. Maana kuna kuwaza kwa mvivu aikimbiaye kazi, na kuna kuwaza kwa mtu aliyeikabili kazi kwa macho na mikono hata ikamshinda, kisha akageuka kuiendea kwa njia ya akili. Kwa nje watu hawa wawili wafanana: kila mmoja ameketi, na macho yake yako mbali. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za kijana mmoja wa Uholanzi aliyetuhumiwa hadharani, na mtaalamu mkubwa wa zama zake, kwamba yeye ni katika wale wa kwanza. Na habari za hotuba aliyoitoa baada ya tuhuma hizo, juu ya kazi ya mawazo katika kutafuta elimu.

Jina lake ni Jacobus Henricus van 't Hoff. Alizaliwa mjini Rotterdam tarehe 30 Agosti 1852, na baba yake alikuwa tabibu. Elimu aliyoipenda ni kemia, yaani elimu ya kujua vitu vimefanyika kwa nini, na vyageukaje vikawa vitu vingine. Na jina lenyewe la elimu hii lilipita kwa Waarabu, waliokuwa wakiiita al-kimiya, kabla ya kufika Ulaya. Kijana huyu alisoma Delft, akasoma Leiden, akenda Bonn katika Ujerumani kwa mwalimu mashuhuri Kekulé, kisha Paris kwa mwalimu Wurtz, ndipo akarejea kwao akamalizia Utrecht. Twaitaja miji hii makusudi, ili vijana wetu waone kuwa kuifuata elimu mji kwa mji na mwalimu kwa mwalimu si ada ya wanachuoni wetu peke yao.

Lakini hatuwezi kufahamu alilolifanya bila ya kulifahamu fumbo alilolikuta. Basi na turudi nyuma mpaka mwaka 1848, mjini Paris.

Kila mwenye jiko aujua ukwaju. Ule uchachu wake mkali watokana zaidi na kitu kiitwacho asidi ya tatariki. Wafaransa walikipata kitu hicho hicho tangu zamani katika mashapo yagandayo ndani ya mapipa ya mvinyo. Sasa asidi hii ina tabia moja ya ajabu. Mwanga ukichujwa kwa kifaa maalumu hata mtikisiko wake ukabaki katika bapa moja tu, kisha ukapitishwa katika maji yaliyoyeyushwa asidi hiyo, bapa lile hugeuka kuelekea upande wa kuume, kama mtu azungushaye ufunguo katika kufuli. Hapo pasingekuwa na fumbo kubwa, lakini katika kiwanda kimoja ilipatikana asidi nyingine iliyofanyika sawa na ile: vitu vile vile ndani yake, kwa uzito ule ule, wala hii haikuugeuza mwanga hata kidogo. Vitu viwili vilivyofanyika sawa, na matendo yao mbalimbali! Jambo hili liliwasumbua wakubwa wa elimu.

Aliyelifungua mlango wa kwanza alikuwa Louis Pasteur, naye wakati ule alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Alizitazama kwa kioo cha kukuzia punje za chumvi iliyotengenezwa kwa asidi ile isiyogeuza mwanga, akaona si za namna moja. Zilikuwa namna mbili, na kila namna ni sura ya mwenziwe katika kioo, mfano wa kiganja cha kuume na kiganja cha kushoto. Akachukua kibano akazichambua moja moja, kama mama achambuavyo mchele, akaziweka mafungu mawili. Fungu moja likageuza mwanga kuumeni. La pili likaugeuza kushotoni. Akichanganya mafungu hayo sawasawa, mwanga haukugeuka tena, kwani kila moja lilikuwa likitangua kazi ya mwenziwe.

Hapa twaomba msomaji asimame nasi kidogo, kwa sababu ya mzee mmoja. Jean-Baptiste Biot alikuwa na miaka sabini na minne, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika kuchunguza mwanga wa namna hii. Aliposikia habari ya kijana yule hakuiamini. Lakini hakumcheka wala hakumfukuza. Alimwita nyumbani kwake, akampa asidi aliyoijaribu yeye mwenyewe, akamtaka atengeneze ile chumvi mbele ya macho yake. Maji yakaachwa kwa mzee yakauke polepole. Punje zilipopatikana Pasteur aliitwa tena, akazichambua papo hapo, Biot akitazama. Kisha mzee akayeyusha mwenyewe, akapima mwenyewe, akaanza na lile fungu la kushoto ambalo ndilo lililokuwa jipya. Alipouona mwanga umegeuka kushotoni alimshika kijana mkono, naye amejaa furaha isiyojificha. Tangu siku ile akawa kama baba kwake.

Pasteur basi alijua kuwa kuna vitu vyenye mkono wa kuume na vitu vyenye mkono wa kushoto. Alilokosa kujua ni mkono wenyewe umefichwa wapi. Mwaka 1860 aliuliza hadharani: je, chembe zile zimepangwa mfano wa ngazi izungukayo, au zimekaa katika pembe za umbo lenye nyuso nne? Akaliacha swali hapo, naye akashughulika na mambo mengine makubwa ya maradhi na vijidudu ambayo watu wote wamjua kwayo.

Miaka kumi na mitatu baadaye fumbo lilirudi, na safari hii kwa njia ya maziwa. Maziwa yakilala hugeuka kuwa makali kwa sababu ya asidi iliyopewa jina la maziwa hayo. Asidi kama hiyo hupatikana pia katika nyama, katika misuli ya mnyama. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Johannes Wislicenus, alizichunguza zote mbili kwa muda mrefu, akathibitisha kuwa muungano wa atomu zake, ukiandikwa karatasini, ni mmoja. Walakini ile ya misuli hugeuza mwanga na ile ya maziwa haigeuzi. Mwaka 1873 akasema kuwa hakuna sababu iliyobaki ila moja: tofauti yao ni katika namna atomu zilivyokaa mahali pake, mbele na nyuma, juu na chini. Zimekaaje, yeye hakusema.

Maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyasoma van 't Hoff katika maktaba ya Utrecht. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kuwa hakuimaliza makala ile. Aliifunga katikati, akatoka nje kutembea, na katika kutembea kule jawabu likamjia. Ndiyo hayo wasemayo wazazi: mtoto ameacha kitabu ametoka kupunga upepo!

Jawabu lenyewe si gumu, na vijana na walijaribu jikoni kwa idhini ya mama. Chukueni donge dogo la unga uliokandwa. Hilo ndilo atomu ya kaboni, ambayo ina mikono minne ya kushikia atomu nyingine. Chomekeni njiti nne, kila moja iwe mbali na wenzake kwa kadiri iwezekanavyo. Mtaona kuwa haziwezi kulala bapa. Tatu zitakanyaga meza kama miguu ya kigoda, na ya nne itatazama juu. Mkiziunganisha kwa fikira zile ncha nne mtapata umbo lenye pembe nne na nyuso nne za pembetatu, mfano wa ile pakiti ya maziwa ya karatasi ambayo watu wazima wengi wataikumbuka.

Sasa katika ncha zile tieni vitu vinne mbalimbali: harage, punje ya mahindi, choroko na karanga. Kisha tengenezeni donge la pili lililo sura ya la kwanza katika kioo. Yageuzeni mtakavyo, hayatalingana kamwe. Mkilikutanisha harage na harage, na mahindi na mahindi, basi choroko na karanga zitakuwa zimepishana; ni kama mtu atakaye kuvaa kiatu cha kuume mguu wa kushoto. Lakini ondoeni karanga katika yote mawili, na mahali pake tieni harage la pili. Papo hapo tofauti imetoweka, na madonge yamekuwa kitu kimoja. Ndiyo kusema mkono wa kuume na wa kushoto hupatikana pale tu ambapo kaboni imeshika vitu vinne visivyofanana. Katika asidi ya maziwa imo kaboni moja ya namna hiyo. Katika asidi ya tatariki zimo mbili.

Tena palikuwa na hoja ya pili. Lau mikono ya kaboni ingelala bapa kama njia panda, basi kitu chenye maharage mawili na mahindi mawili kingepatikana kwa namna mbili, maharage yakiwa jirani au yakiwa yamekabiliana. Wataalamu walivitengeneza vitu vya mfano huo, na kila mara walipata namna moja tu. Katika umbo la pembe nne hali ndivyo inavyopasa kuwa, maana kila pembe ni jirani ya kila pembe.

Wenye nyumba watauliza: je, tofauti hii ndogo ya kuume na kushoto ina maana yoyote kwetu? Na wainuse nanaa, ile ya kutilia chai, kisha wainuse kisibiti (si bizari nyembamba, bali kisibiti khasa). Nani atasema harufu hizi ni moja? Na hali kitu kikuu kiletacho harufu katika nanaa hiyo na katika kisibiti ni kimoja, kiitwacho kavoni. Ila kavoni ya nanaa ni ya mkono mmoja, na ya kisibiti ni ya mkono wa pili. Pua yatambua, kwa kuwa pua nayo imejengwa kwa chembe zenye mikono. Sukari iliyomo katika damu yetu ni ya mkono mmoja, na vile vitu vijengavyo nyama ya mwili karibu vyote ni vya mkono mmoja. Mwili ni kama kufuli. Ufunguo uliopinduliwa haufungui.

Van 't Hoff alikitoa kijitabu chake mwezi wa Septemba 1874, kwa Kiholanzi, kurasa chache tu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hata shahada yake ya udaktari alikuwa hajaipata. Miezi miwili baadaye Mfaransa mmoja, Le Bel, alitangaza huko Paris fikira iliyokaribiana sana na hiyo, naye hakuipata kwa mwenziwe. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi katika chumba cha Wurtz, lakini hawakulizungumza jambo hili. Hawakugombania sifa. Mpaka leo wataja majina yao pamoja, na twaona hilo si jambo dogo, kwani wangapi wamegombana kwa visivyofikia hata nusu ya hicho!

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alitoa andiko la kupatia shahada, juu ya mambo ya kawaida yasiyomtisha mwalimu yeyote. Kisha akakaa bila kazi ya maana, akifundisha watoto wa watu nyumbani kwao, mpaka mwaka 1876 alipopata nafasi ndogo katika shule ya utabibu wa wanyama ya Utrecht. Katika muda huo alikata maumbo madogo ya pembe nne kwa karatasi ngumu, akayatia rangi, akawapelekea wataalamu wa miji mbalimbali, ili wayashike kwa mikono yale ambayo yeye aliyaona akilini. Baadhi ya maumbo hayo yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Boerhaave mjini Leiden.

Wislicenus aliposoma habari hii, iliyokwisha tolewa kwa Kifaransa mwaka 1875, alimwandikia kijana barua ya kumpongeza, akaomba ruhusa itafsiriwe kwa Kijerumani. Tafsiri ikatoka mwaka 1877, na utangulizi akauandika Wislicenus mwenyewe. Hapo ndipo fitina ilipoanza.

Hermann Kolbe wa Leipzig alikuwa na karibu miaka sitini. Mtu asidhani kuwa alikuwa mjinga. Yeye ndiye aliyetengeneza asidi ya siki kutokana na vitu visivyo na uhai, na njia yake ya kutengeneza asidi ya salisili ndiyo iliyotangulia aspirini ipatikanayo katika kila duka la dawa. Isitoshe, alikuwa mwenye kuliendesha jarida moja kubwa la kemia. Katika jarida hilo aliandika kuwa kuna daktari mmoja wa shule ya utabibu wa wanyama asiyekuwa na hamu ya uchunguzi wa kweli. Ameona ni rahisi zaidi kumpanda yule farasi mwenye mbawa wa ngano za Kiyunani, bila shaka amemwazima katika shule yake ya wanyama, akaruka juu na kutangaza jinsi alivyoziona atomu zimepangwa angani. Akamlaumu na Wislicenus pia kwa kumpa mkono mtu wa namna hiyo.

Na tuweke wazee hawa wawili kando kwa kando, Biot na Kolbe. Wote walikuwa na elimu kuliko vijana waliowajia. Wote walitia shaka, na kutia shaka ni haki ya mzee. Ni wajibu wake, tuseme. Lakini mmoja alisema, "Njoo ufanye mbele yangu," na wa pili alitazama cheo cha kijana na shule aliyofundisha, akaona yamtosha hayo kumhukumu. Kama Kolbe angekanda donge la unga akachomeka njiti nne, huenda asingeandika aliyoyaandika.

Tena tuhuma ya kwamba kijana hakupenda majaribio haikuwa kweli. Berthelot, mmoja wa wakubwa wa kemia katika Ufaransa, alikuwa ametangaza kuwa kitu kiitwacho stairini hugeuza mwanga. Kitu hicho hakina kaboni yenye vitu vinne mbalimbali; basi ikiwa kweli chageuza mwanga, fikira yote ya van 't Hoff imevunjika. Hakujificha. Alikichukua akakisafisha, na mwaka 1876 akaonyesha kuwa kilichokuwa kikigeuza mwanga ni kitu kingine kilichochanganyika nacho.

Mwaka 1878 alipewa uprofesa katika chuo kikuu cha Amsterdam. Ilikuwa desturi profesa mpya kutoa hotuba mbele ya watu wote, naye tarehe 11 Oktoba, akiwa na miaka ishirini na sita, alisimama akachagua mada hii: nguvu ya mawazo katika elimu. Hakumrudishia Kolbe matusi. Alieleza kwanza mawazo ni nini kwa maana aikusudiayo: ni uwezo wa kukileta kitu mbele ya akili pamoja na sifa zake zote, hata ukakijua kwa yakini kama ile unayoipata kwa kukitazama. Zingatieni maneno haya, "pamoja na sifa zake zote." Hapo ndipo mwotaji mvivu aachwapo mlangoni, maana yeye huziona zile sifa zimpendezazo tu. Kisha akaeleza kuwa kukusanya mambo yaliyoonekana ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutafuta sababu iliyofichika nyuma ya mambo hayo, na sababu hiyo haionekani kwa jicho, hivyo ni lazima iwazwe kwanza, kisha ihukumiwe kwa akili na ijaribiwe.

Alikuwa amefanya jambo la kusifiwa kabla ya kusimama pale. Alisoma habari za maisha ya wataalamu zaidi ya 200, akitafuta kama nguvu hii ya mawazo ilijitokeza kwao hata nje ya kazi zao, na akaona kuwa wengi wao walikuwa nayo: katika ushairi, na katika sanaa nyinginezo. Tukitaka mfano sisi wenyewe, Humphry Davy wa Uingereza, aliyezitoa sodiamu na potasiamu kwa mara ya kwanza mwaka 1807, alikuwa akitunga mashairi. Van 't Hoff mwenyewe aliyapenda sana mashairi tangu ujana wake. Huyu kijana hata kuyatetea mawazo hakuridhika kuyatetea kwa mawazo matupu. Alikwenda kuhesabu kwanza.

Sisi walimu, tuseme kweli, twampenda mwanafunzi arudishaye neno kama alivyopewa. Na katika hifdhi hilo ndilo litakiwalo, hapo herufi moja haiongezwi wala haipunguzwi, na anayejitia kubuni hurudishwa mwanzo wa ukurasa. Lakini mtoto yule yule akenda shule akaulizwa kwa nini kutu yala chuma na haili dhahabu, hapo kurudisha neno hakumfikishi mbali. Ni milango miwili, na kila mlango una adabu yake. Kosa ni kumpiga mtoto katika mlango huu kwa adabu ya mlango ule.

Kekulé, yule mwalimu wa Bonn, naye alikuwa na kisa chake. Mwaka 1890, alipofanyiwa sherehe mjini Berlin, alisimulia kuwa umbo la duara la kitu kiitwacho benzini lilimjia alipokuwa akisinzia mbele ya moto, akaona nyoka amejiuma mkia. Watu wengi hukipenda kisa hiki wakakikomesha hapo. Lakini mzee aliendelea: aliwaambia vijana wajifunze kuota, ila wasizitangaze ndoto zao kabla hazijapimwa na akili iliyo macho. Naye baada ya ile ndoto alikesha usiku akiifanyia hesabu.

Sasa yaliyompata van 't Hoff. Kolbe alikufa mwaka 1884 naye hajakubali. Aliyekuja kukikalia kiti chake pale Leipzig mwaka uliofuata ni nani? Ni Wislicenus! Mwaka 1896 van 't Hoff aliitwa Berlin, na mwaka 1901, ilipotolewa tuzo ya Nobel kwa mara ya kwanza, ya kemia alipewa yeye. Wengi hudhani aliipata kwa ajili ya lile umbo la pembe nne, na sivyo. Aliipata kwa kazi alizozifanya baadaye, juu ya mwendo wa mageuko ya kemia na juu ya msukumo wa vitu vilivyoyeyuka majini. Alifariki karibu na Berlin tarehe 1 Machi 1911, kwa maradhi ya kifua kikuu.

Hakuwahi kuziona atomu zake. Miaka miwili baada ya kufa kwake, mwaka 1913, Bragg na mwanawe huko Uingereza waliipitisha miale ya eksirei katika almasi, ambayo ni kaboni tupu, wakakuta kila kaboni imezungukwa na nyingine nne katika pembe zile zile alizozichora kijana wa Utrecht. Mwaka 1935 vikapatikana vitu vya namna fulani ambavyo yeye alikuwa amebashiri tangu mwanzo kuwa, vikitengenezwa, vitakuwa na kuume na kushoto. Miaka sitini ilikuwa imepita. Na mwaka 1951 Bijvoet na wenzake waliweza kuonyesha kwa eksirei mkono upi khasa ndio wa kuume na upi wa kushoto, jambo ambalo hata hapo lilikuwa likikisiwa tu. Walitumia chumvi ya asidi ya tatariki, ile ya Pasteur, na walifanya kazi hiyo Utrecht, katika maabara iliyopewa jina la van 't Hoff.

Jambo hili limeingia katika dawa zetu, na hapo yapasa kusema kwa uangalifu. Watu husimulia habari za thalidomaidi, dawa iliyouzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 na kuondolewa mwaka 1961 baada ya watoto zaidi ya 10,000 wa nchi mbalimbali kuzaliwa na vilema. Husemwa kuwa mkono mmoja wa dawa ile uliponya na wa pili ulidhuru, na kwamba lau ingetolewa ule mwema peke yake watoto wangesalimika. Maneno hayo hayakutimia, kwa sababu ndani ya mwili mkono mmoja wa dawa hiyo hugeuka ukawa wa pili, hivyo kuutenga kusingewaokoa.

Mfano ulio sahihi zaidi ni wa ethambutoli, dawa iliyogunduliwa mwaka 1961 kwa ajili ya kifua kikuu, maradhi yale yale yaliyomwua van 't Hoff nusu karne kabla yake. Katika kila chembe ya dawa hii zimo kaboni mbili zenye vitu vinne mbalimbali. Zikiwa za mkono ufaao, dawa huwazuia vijidudu wa maradhi wasiongezeke. Sura yake ya kwenye kioo karibu haina nguvu juu ya vijidudu hao, na hali macho yaweza kudhurika nayo vile vile. Basi kuitia ndani ya kidonge kungekuwa ni kumwongezea mgonjwa hatari bila faida. Kwa hiyo viwanda hutengeneza ule mkono mmoja tu, na hospitali zetu huutoa pamoja na dawa nyingine. Na kwa kuwa hata mkono huo mwema waweza kuyagusa macho, aliye na mgonjwa nyumbani anayeitumia na amwulize mara kwa mara kama asoma herufi ndogo kama zamani, na kama nyekundu na kijani azitambua. Akiona zinafifia, amwambie daktari siku hiyo hiyo.